Njia za kuitoa kesi ya trafiki kortini hapa Mombasa: ipi ina faida na ipi ni kuliwa pesa tu

Kila wiki lazima mtu anipigie simu, "kaka, trafiki wamenishika pale Buxton, sasa nafanyaje?" Na mimi si wakili jamani, mimi nina Probox yangu nasambaza maji ya chupa kutoka Changamwe mpaka Bamburi, ila kwa vile kesi yangu iliisha vizuri basi watu washanigeuza ofisi. Kwa hivyo naandika hapa mara moja kila njia ninayoijua ya kumaliza kesi ya trafiki, zingine nimezipitia mwenyewe zingine nimeziona kwa madereva wenzangu, na ntasema wazi ipi inafaa pesa na muda wako na ipi ni wizi tu umevaa tai.

Kwa wale wenye haraka, jibu ni hili: kama kweli umekosa na kosa lenyewe dogo, lipa uende ukatafute riziki. Kama hukukosa, kana, itisha ushahidi wa upande wa mashtaka kwa maandishi, halafu wao ndio wahangaike kuithibitisha, si wewe. Hii habari ya "najua mtu pale kortini" achana nayo kabisa, ntaifikia.

Tuanze na faini ya papo kwa papo. Hii iko kwa sheria tangu 2016, zile kanuni za makosa madogo ya trafiki, na bei zake zimeandikwa, hazipangwi na askari pale kwa barabara. Kutobeba leseni 1,000, simu mkononi ukiendesha 2,000, kupuuza alama za barabarani 3,000, kupanda na gari kwenye njia ya watembea kwa miguu 5,000, na kuzuia barabara, ile wanaita obstrakshen, ni 10,000. Hiyo ya mwisho ndio iliyonipata mimi. Utaratibu wake kwa karatasi ni mzuri tu, askari anakupa fomu ina kosa lako, kiasi na siku ya korti, wewe unachagua ulipe au uende ukakane, na pesa inaenda serikalini kwa njia rasmi, haiendi mkononi mwa mtu. Ikienda mkononi hiyo si faini, hiyo unaijua jina lake.

Shida ni kuipata hiyo fomu. Mimi nliiomba pale pale kwa adabu, nkamwambia afande kama ni faini nipe karatasi nilipe ama nikane, akanijibu "twende kituoni utaipata huko", na kituoni nako hakuna aliyeitaja tena, ikawa ni kesh beli, yaani dhamana ya pesa taslimu, na tarehe. Kwa hivyo naipa nyota tatu, bei inajulikana na inaisha haraka, lakini huduma yenyewe kuipata ni bahati yako na siku hiyo. Na ukumbuke pia ukilipa umekubali kosa, si kwamba kesi imetupwa. Watu wengi wanachanganya hapo.

Kuhusu kituoni niseme kidogo maana hapo ndio watu wanatishika. Katiba kifungu cha 49 inasema ukishikwa una haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, na lazima ufikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne, ama siku ya kazi inayofuata kama imeangukia wikendi. Na kuna kingine watu hawakijui, kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, ama kifungo kisichozidi miezi sita, hutakiwi kuwekwa rumande. Bondi ya polisi, ile ahadi ya kufika kortini, haiuzwi, ni bure. Kesh beli unatoa pesa lakini si ada, ni amana, kesi ikiisha inarudi, ndio maana lazima utoke na risiti rasmi mkononi. Si namba imeandikwa nyuma ya karatasi ya sigara, risiti. Mimi ilibidi nisimame pale kaunta nitabasamu mpaka ikaandikwa, na yule aliyekuwa nyuma yangu alipoona nimepewa na yeye akaitisha yake.

Sasa kortini. Kwetu hapa kuna Mombasa Law Courts kule kisiwani na kuna Shanzu kwa watu wa upande wa kaskazini, inategemea umeshikiwa wapi. Angalia karatasi yako vizuri kabla hujapanda matatu, maanake nimemuona mzee ametoka Kiembeni alfajiri amefika mjini anaambiwa faili lake liko Shanzu, jua kali, na jina lishaitwa.

Siku ya kwanza ni ya kusomewa mashtaka tu. Mnakaa kwa mabenchi mmebanana, madereva wa matatu, wa tuktuk, wa bodaboda, mwenye Prado na yeye yuko hapo hapo, mnaitwa mmoja mmoja unasomewa, unaulizwa ni kweli ama si kweli. Inaenda mbio sana. Wengi wanasema ni kweli hata kabla karani hajamaliza sentensi, kwa sababu aliyetangulia amesema ni kweli akapigwa faini na akaondoka, basi na yeye anaona ndio njia. Kwa mtu wa tuktuk ambaye jioni mwenye chombo anataka hesabu yake, mimi simlaumu, siku moja ya korti ni siku ya njaa nyumbani.

Lakini ujue unachokinunua. Ukisema ni kweli na ukahukumiwa, huwezi tena kukata rufaa ukasema hukukosa, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kifungu cha 348 imefunga hiyo njia, unaweza kulalamikia adhabu peke yake, kwamba imezidi ama si halali. Na hakimu hafungwi na zile bei za papo kwa papo, hizo ni za fomu. Kasi kwa mfano, sheria inaruhusu faini mpaka 100,000. Mara nyingi haifiki huko lakini iko.

Kitu nilichokipenda nilipokuwa nimekaa pale ni kijana mmoja wa tuktuk kutoka Likoni, amesomewa kubeba abiria kupita kiasi, akajibu, "Mheshimiwa ni kweli walikuwa wanne, lakini wa nne alikuwa mtoto amepakatwa na mamake." Prosekuta, yaani mwendesha mashtaka, tayari ameshaanza kufungua faili lingine, hakimu akasimama hapo hapo, akamuuliza tena polepole, kijana akarudia vile vile, na hakimu akaandika amekana. Kijana mwenyewe akashtuka, ati mimi sijakana, nimekubali! Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Tangu ile kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 utaratibu unajulikana, unasomewa kwa lugha unayoielewa, maneno yako yanaandikwa vile ulivyoyasema, prosekuta anaeleza mambo yalivyotokea na wewe unaulizwa kama umekubaliana nayo. Ukisema ni kweli halafu ukatia "lakini" inayokuondolea kosa, hiyo si kukubali. Kwa hivyo usikubali kuharakishwa, sema yote uliyonayo.

Na sema kwa Kiswahili. Sielewi kwa nini mtu wa Mombasa akifika mbele ya hakimu anaanza kuvunja Kiingereza mpaka anajitia hatiani mwenyewe. Lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, zote mbili, na kama lugha yako ni nyingine unapewa mkalimani bila kulipa hata shilingi.

Kuna njia ya kati ambayo madereva hawaizungumzii kabisa na kwangu mimi ndio tunu iliyofichwa, nayo ni kuomba kuachiliwa chini ya kifungu cha 35 cha kanuni za adhabu. Hapo umekubali kosa, lakini hakimu akiangalia kosa lenyewe, hali ilivyokuwa na tabia yako, akaona haina maana kukuadhibu, anaweza kukuachilia moja kwa moja bila faini, ama kwa sharti usirudie kosa kwa muda usiozidi miezi kumi na mbili. Haipatikani kwa kulia. Jirani yangu ni mwalimu, mama mtu mzima, alishikwa leseni imeisha muda wake, ile siku ile ile akaenda akairenyuu, akaja kortini na risiti ya kurenyuu, leseni mpya, na akaeleza kwa ufupi kwamba hajawahi kushtakiwa maisha yake yote. Hakimu akasoma zile karatasi, akamuonya, akamwachilia. Hakulipa kitu. Sasa wewe ukienda mikono mitupu unasema "naomba msamaha mheshimiwa nina watoto", kila mtu pale ana watoto. Rekebisha kosa kwanza, kama ni taa imekufa itengeneze, kama ni inspekshen ipeleke gari, halafu ubebe ushahidi kwamba umerekebisha. Hii naipa nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa sababu inategemea hakimu ameamkaje.

Njia nyingine ni kuongea na prosekuta kabla ya kesi. Naomba nieleweke, kuongea mchana kweupe, ndani ya korti ama ofisini kwake, si kule nyuma kwa maegesho. Prosekuta anaweza kuomba kuondoa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, na tangu katiba ya 2010 lazima korti imruhusu, hawezi kuamka tu akasema imeisha. Unaweza kumpelekea kitu cha maana, mfano umeshtakiwa huna bima na kumbe bima ilikuwa hai siku ile na cheti unacho, mwoneshe, hana haja ya kupoteza muda na kesi ya kushindwa. Ila jua ndogo ndogo zake, kuondolewa kwa 87(a) kabla hujaanza kujitetea si kuachiliwa huru kabisa, wanaweza kukushtaki upya kwa kosa hilo hilo. Kwa trafiki sijaona wakirudi lakini karatasi yako itunze. Ofisi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, pia ilitoa sera ya diversheni 2019, yaani kosa dogo linatolewa nje ya korti kwa masharti, unaweza kuuliza kama kesi yako inaingia. Prosekuta wa kwangu mimi aliniambia "obstrakshen hatuondoi, tukutane kwa hearing", basi tukakutana.

Sasa hapa ndio penye utamu wenyewe. Kukana.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa natoka Lights naelekea sokoni Kongowea, mnaijua ile barabara asubuhi, malori ya mboga, mikokoteni, watu wanavuka na magunia kichwani. Mbele yangu lori la viazi likazima katikati ya njia, nyuma yangu matatu imenigusa karibu, kushoto kuna mkokoteni. Nitaenda wapi? Nkakaa. Askari akatokea upande wa pili akagonga dirisha, obstrakshen. Nkamuonesha lori, akasema hilo ataliangalia baadaye. Nkatoa simu nkapiga picha chache, lori na namba yake, gari yangu, na ule mkokoteni, kisha tukaenda kituoni.

Kortini nkasema si kweli. Na sentensi iliyofuata ndio nawaomba muikariri wote: "Mheshimiwa naomba nipewe nakala ya chaji shiti na maelezo ya mashahidi wote watakaoitwa." Chaji shiti ni ile hati ya mashtaka yako. Na hiyo si ujuaji, ni haki iko kwenye katiba kifungu cha 50, kuujua mapema ushahidi wanaotaka kuutumia dhidi yako. Hakimu aliagiza nipewe. Haikuja siku hiyo, ilinibidi nifuatilie, ofisi moja inakutuma kwa nyingine na hiyo nyingine wameenda kula chakula cha mchana tangu saa tano. Lakini ilipokuja nlicheka peke yangu ndani ya gari. Ni karatasi moja, mwandiko wa mkono, mistari kama sita hivi, gari namba fulani ilionekana imesimama na kuzuia magari mengine, dereva akakamatwa. Saa haikuandikwa. Upande gani wa barabara hakuna. Lori halikutajwa popote. Picha hakuna.

Mpaka hapo nkajua hii kesi nyepesi. Na ndio nasema, hiyo karatasi ni bure na ndio kitu cha thamani kuliko vyote utakavyovipata kwenye safari hii nzima, maanake ndio inakuambia upigane ama usipigane. Kuna rafiki yangu naye alikana ya kasi, alipopewa ya kwake akakuta kuna picha, gari yake, namba inasomeka, kilomita kwa saa zimeandikwa, mashine imekaguliwa. Akabadilisha akakubali kosa akaomba apunguziwe, na alifanya vizuri. Kukana si ushabiki wa timu.

Ukiwa na picha za simu kama mimi usidhani utanyoosha mkono tu umuoneshe hakimu skrini. Sheria ya ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti, si kitu kikubwa, ni karatasi unayoeleza picha ilipigwa kwa simu gani, ilichapishwa vipi, simu ilikuwa inafanya kazi sawa, halafu unasaini. Nlienda saiba pale Mwembe Tayari nkachapisha kwa rangi, kijana wa saiba akanisaidia kutaipu. Na zile picha usizifute kwa simu hata ukinunua nyingine.

Siku ya kusikilizwa ya mwanzo askari hakutokea. Sasa hapa kuna ile hadithi ya mtaani ati askari asipokuja kesi imekufa. Nusu kweli. Kifungu cha 202 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema upande wa mashtaka usipofika korti imwachilie mshtakiwa, isipokuwa ione sababu ya kuahirisha, na mara ya kwanza sababu huwa haikosekani, mara askari yuko kazini, mara yuko kozi, mara amehamishwa. Kwa hivyo wakiahirisha usinyamaze. Simama useme, mheshimiwa mimi nimefika, nimeacha kazi, naomba iandikwe hii iwe ahirisho la mwisho kwa upande wa mashtaka. Hakimu akiandika hivyo, safari inayofuata wakikosa tena una mahali pa kushika. Hapa ndipo kukana kunapouma lakini, naomba niwe mkweli, kwa sababu kila tarehe ni maji hayajafika dukani na mteja anaenda kununua kwa mwingine. Zile siku za kutajwa tu, ambazo mashahidi hawasikilizwi, siku hizi unaweza kuingia kwa Microsoft Teams kwa simu, mimi ya kwangu moja niliingia nikiwa nimeegesha Nyali kando, mtandao ukakatika katikati lakini jina lilishaitwa nkaitika. Hiyo ya simu nawapa pongezi, imeokoa mafuta. Ila usikose kabisa bila taarifa, ukikosa unatolewa warenti ya kukamatwa na kesh beli yako ishapotea.

Askari alipokuja hatimaye alieleza yale yale ya kwenye karatasi. Zamu yangu ya kuuliza ikafika, na mimi nlikuwa nimejiandikia maswali mafupi kwa daftari la oda za maji. Nkamuuliza, afande mbele ya gari yangu kulikuwa na nini? Akasema hakumbuki. Injini yangu ilikuwa inawaka ama imezimwa? Hakuangalia. Kulikuwa na gari nyingine imesimama? Zilikuwepo. Za mbele ama za nyuma? Akanyamaza kidogo, akasema zote. Ulimkamata nani mwingine? Hakuna. Mlipiga picha? Hapana. Nkamwambia hakimu sina swali lingine, na moyo unanidunda vibaya sana, maana nilitamani kuendelea kumuuliza lakini mtu mmoja mkongwe wa pale aliniambia ukishapata jibu zuri kaa chini, usimpe nafasi ya kulirekebisha.

Prosekuta akafunga upande wake, hakuwa na shahidi mwingine. Uamuzi ukaja, hakuna kesi ya kujibu, kifungu cha 210 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo wa kesi, nimeachiliwa. Zile picha zangu za rangi na cheti chake hata sikuzitoa kwenye bahasha. Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeipa, ila hii ni kwa mtu ambaye kweli hakukosa na ana nafasi ya kwenda na kurudi.

Kwa kesi za kasi nawaongezea mawili. Sheria ya trafiki kifungu cha 43 inasema huwezi kupatikana na hatia kwa neno la shahidi mmoja peke yake anayesema kwa maoni yake ulikuwa unakimbia, lazima kuwe na kitu zaidi, ndio ile mashine. Sasa uliza kuhusu hiyo mashine, ilikaguliwa lini, cheti kiko wapi, picha iko wapi, ilisimamishwa wapi. La pili, kwa kasi na kwa uendeshaji wa hatari au wa kutojali ulitakiwa uonywe palepale kwamba unaweza kushtakiwa, ama uletewe samansi au notisi ndani ya siku kumi na nne. Wakikuletea baada ya miezi, litaje hilo mbele ya hakimu mapema. Na ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, sio 80, hata kama ile barabara ya Nyali kwenda Bamburi inakuita.

Mawakili je? Nliuliza kwa wawili. Mmoja alinitajia elfu kumi na tano, mwingine ishirini na tano na "tutaongea zaidi tukifika hearing". Kwa faini ya elfu kumi hesabu hiyo haikai. Lakini usije ukaniambia nimesema mawakili hawana maana, kama kuna mtu ameumia, kama ni kulewa, kama umeshtakiwa kuendesha kwa hatari na leseni yako ndio ugali wako, ama wewe ni kijana unatafuta kazi ya udereva Qatar na hutaki chochote kwenye jina lako, tafuta wakili bila kujadili, tena mapema, si asubuhi ya kesi. Na jina lake litafute kwenye orodha ya mtandaoni ya LSK, chama cha mawakili, uone kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai, kwa sababu suti Mombasa hazina mwenyewe. Unaweza pia kumlipa wakili akusomee tu faili na akupangie maswali, usimlipie kusimama. Mmoja alikubali hivyo na bei ikawa ya kibinadamu.

Na hao wenye suti ndio wananileta kwa mabroka. Mnawajua, wako nje pale kwa kivuli na bahasha ya kaki kwapani, ukishuka tu na chaji shiti mkononi anakuita "shekhe, ni trafiki hiyo? Nipe tatu tu, faili litalala." Mimi nilifuatwa mpaka kwa mlango. Nyota sifuri, na kama kuna chini ya sifuri iwe hiyo. Kwanza faili halilali, kesi siku hizi zimeingizwa kwa mfumo wa kompyuta wa mahakama, makaratasi yakipotea namba ya kesi bado ipo. Jirani wa dukani kwangu alilipa, akaambiwa imeisha, hakwenda kortini, miezi imepita anasimamishwa Mikindani kwa msako wa kawaida, ana warenti. Yule wa bahasha simu haishiki. Alikuja kulipa faini, alipoteza kesh beli, na zile elfu tatu je? Pili, sheria ya hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, na adhabu yake inafika miaka kumi jela ama faini ya milioni tano ama zote mbili, kwa ajili ya kukwepa elfu kumi. Ukiwa na nguvu ya kuwaripoti, EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, wana laini ya bure, 1551.

Ya kaunti sitaki kuingia sana, ile ya kufungwa mnyororo kwa ajili ya parking mjini. Hiyo si polisi wa trafiki na haiendi njia hii, ni sheria ndogo za kaunti, na kusema kweli kama hukulipia parking siku hiyo, lipa, gari ikikaa pale gharama zinapanda. Kama ulilipa na bado wamefunga, mesej ya malipo kwenye simu inatosha, waoneshe wenyewe kabla hujafikiria korti.

Kitu pekee kilichonikera mpaka leo ni kurudishiwa kesh beli. Kuachiliwa niliachiliwa kwa dakika kumi, pesa yangu ndio imekuwa kesi nyingine. Unatakiwa uwe na risiti asili, nakala ya kitambulisho, oda ya korti inayosema dhamana irudishwe, na akaunti ya kuwekewa, halafu unapewa "njoo wiki ijayo". Muombe hakimu siku ile ile ya uamuzi atamke kwamba dhamana irudishwe, mbele yako, iandikwe, maanake ukirudi baadaye kuiomba unaanza foleni upya. Risiti ipige picha mbele na nyuma, wino wa zile risiti unafifia haraka ukiiweka kwa dashibodi na hili joto letu. Nenda asubuhi saa mbili kabla foleni haijafika kwa ngazi, na ukipewa jina la mtu wa kumuona, andika na siku uliyoambiwa, watu wa kaunta wanabadilika.

Yangu nimeambiwa Alhamisi.